Tulipu za Kijani na Friji Tisa

Mama mkwe wangu alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu hakuna aliyemweleza kwamba ukaguzi umekwisha. Alirudi kwenye nyumba yake, ambayo mimi na mume wangu tulikuwa tukimtunzia, akakagua sebule, akakagua jiko, akakagua mpaka chini ya sinki. Kisha akafungua mlango wa nyuma aone bustani yake. Kwenye bustani kulikuwa na friji tisa.

Mimi ni fundi wa friji. Nasema mapema, maana watu wakiona mwanamke amekaa juu ya kreti la soda na bisibisi mdomoni, humuuliza fundi yuko wapi. Banda langu ni bati na nguzo nne nyuma ya nyumba, na friji zilizokufa nazipanga kwenye majani kando ya ukuta. Kila moja ina chake: hii ina kompresa nzima, ile ina mlango mzuri, nyingine ina rafu ambazo hazitengenezwi tena. Mimi nikizitazama naona vipuri. Mama aliona vingine, na siku ya tatu akaja bandani.

"Hii ni bustani au mochwari?" aliuliza.

Nikasimama. Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu kubwa na yule mama: akiingia mahali, nasimama. Miguu ilikuwa inanyanyuka yenyewe kabla sijaituma, kama vile niko darasa la tatu na sijamaliza hesabu. Siku hiyo niliinuka ghafla, bisibisi ikanitoka mdomoni ikanichoma kidole cha mguu, nami nikajikaza kisabuni, sikupiga kelele.

"Ni karakana, Mama."

"Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu. Atakuja Jumamosi kuzichukua."

Nina hasira za karibu, hata mume wangu anajua. Lakini huwezi kumkasirikia mwenye nyumba ukiwa umesimama kwenye bustani yake. Bila friji zile sina vipuri, na bila vipuri mimi ni mwanamke mwenye begi la spana anayegonga milango ya watu. Miaka kumi na miwili nilijenga jina pale nyuma ya nyumba. Nikaanza kutafuta neno la kusema, na kama kawaida mdomo ukatangulia kuliko kichwa.

Lazima nieleze kwanza habari ya kalenda. Mama alipohamia, kitu cha kwanza alichoning'iniza chumbani kwake kilikuwa kalenda ya ukutani iliyopitwa na miaka kumi na minne, imefunguliwa mwezi wa nne. Msumari niliupiga mimi. Ilikuwa na picha ya tulipu, maua ya nchi za baridi, lakini si zile nyekundu za kila siku. Hizi zilikuwa na maua ya kijani.

"Mama," nikasema, "friji hizi zinaweza kukuoteshea tulipu zile za kwenye kalenda yako."

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Zile za kijani?"

"Zile zile."

"Kwa joto hili letu?"

"Tulipu haihitaji kuzaliwa kwenye baridi, Mama. Tunguu lake linataka kulala kwenye baridi wiki kumi na nne, basi. Baridi ndiyo kazi yangu."

Hayo niliyasoma kwenye gazeti la zamani nililotumia kufungia bomba la friji ya mteja. Nusu ya habari ilikuwa imechanika. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwenye shamba la tulipu, na Mama akanitazama kama anavyotazama mwalimu anayedai darasa lake lote litafaulu.

"Nakupa miezi mitano," akasema. "Ni muhula mmoja na likizo yake, na wiki chache za kuchelewa, maana nakujua. Maua yakitoka, tena ya kijani, friji zinabaki. Yasipotoka, zinaondoka zote tisa, na banda linaondoka nazo."

Akaingia ndani. Nikakaa chini.

Mume wangu hakuwepo wakati wa makubaliano hayo, alikuwa sokoni. Sokoni wanamwita Bwana Mbivu, na jina hilo amelipata kihalali. Kazi yake ni kuvumbika ndizi. Anazipokea za kijani na ngumu, anazipanga kwenye chumba, anaweka kichane kimoja kilichoiva katikati, anafunika kila kitu na kufunga mlango. Anasema tunda lililoiva linapumua, na pumzi yake ndiyo inayoivisha mengine. Baada ya siku chache anafungua na ndizi zote ni za manjano. Yeye huivisha, mimi hugandisha, na ndoa yetu imekaa hapo katikati, vuguvugu.

Aliporudi jioni nilimwambia kwamba naotesha tulipu ili kuokoa banda. Rangi sikumtajia. Haikunijia akilini kwamba mtu anahitaji kutajiwa rangi. Tulipu pekee alizozijua yeye ni zile za kwenye kopo la biskuti ambalo mama yake anawekea sindano na nyuzi, na zile ni nyekundu.

Matunguu kumi na mawili niliyaagiza kwenye duka la mbegu. Yalikuja kwenye boksi dogo, makavu, yana ganda la kahawia kama vitunguu. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelezo, na chini kabisa imeandikwa kwa herufi nene kwamba yasiwekwe pamoja na matunda, kwa sababu pumzi ya tunda lililoiva huua ua changa lililojificha ndani ya tunguu. Niliisoma mara mbili, kisha nikamtazama mume wangu aliyekuwa anamenya embe.

Nilichagua friji ya mlango wa kioo, iliyoachwa na mwenye duka mmoja ambaye hakurudi tena. Nikaiwekea kompresa ya nyingine, gesi mpya, nikaitega kwenye nyuzijoto tano, nikaziba kioo kwa gunia ili ndani kuwe giza. Juu ya gunia nikabandika karatasi: MATUNDA MARUFUKU.

Nikawa naamka asubuhi nakwenda kusoma kipimajoto kabla sijanawa uso. Wiki ya sita nilifungua mlango nikasikia harufu.

"Mbona humu ndani mnanukia embe?" nilimuuliza Bwana Mbivu.

"Labda ni wewe, mke wangu. Siku hizi unanukia vizuri."

Nilifurahi, ndiyo maana sikuendelea kuuliza. Miaka mingi ya ndoa, na bado nanaswa na mtego wa namna hiyo.

Baada ya wiki kumi na nne nikayapanda kwenye makopo kumi na mawili ya rangi, nikayapanga upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana. Kila asubuhi niliweka vipande vya barafu juu ya udongo, maana mizizi yake inapenda ubaridi. Mama hakuja kuangalia hata mara moja. Alivuta pazia la dirisha la nyuma na kulifunga kwa pini.

"Mkaguzi haangalii kazi kabla ya siku ya ukaguzi," alisema. "Tarehe ni ile ile. Saa nne kamili."

Jumatatu moja nikahesabu makopo nikapata kumi na moja. Nikahesabu tena kutokea upande wa pili, kumi na moja. Nilimfuata mume wangu nikamkuta anavaa viatu.

"Kopo langu liko wapi?"

"Nisamehe," akasema hapo hapo.

"Kwa hiyo ni wewe?"

"Hapana, sijui lolote. Lakini nisamehe."

Majibu gani hayo? Nilimgombeza mpaka akaenda sokoni na kiatu kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa. Wiki hiyo hiyo barafu nayo ikaanza kupungua. Nalala trei imejaa, naamka nusu haipo. Nikamgombeza kwa hilo pia. Mama sikumfikiria, maana meno yake hayataki kitu cha baridi, hata maji yake ya kunywa huyaacha juani kwanza. Niliona tu kwamba ameanza kufunga chumba chake kwa ufunguo, nikasema ni mambo ya uzee.

Majani yakatoka, mapana, ya kijivujivu. Kisha vikonyo, kisha machipukizi ya maua yaliyofumba kama ngumi za mtoto mchanga. Jumatano ya wiki ya mwisho, siku tatu kabla ya ukaguzi, yakafunguka.

Yalikuwa ya kijani. Mstari wa kijani ulipanda katikati ya kila petali kutoka kwenye shina mpaka ncha, na pembeni petali zilikuwa nyeupe kama maziwa. Kumi na moja, yote yameinua vichwa. Nilichuchumaa mbele yao na spana mkononi, nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikatazama huku na huku kama kuna aliyeniona. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile. Friji ikipona inaunguruma, basi.

Ijumaa alfajiri bucha kubwa ikanipigia simu: chumba chao cha baridi kimekufa na nyama imejaa. Nikaondoka mbio. Nilirudi jua limezama, nimechoka, mikono inanuka gesi. Mume wangu alikuwa ananisubiri getini, ameng'aa uso mzima.

"Tulipu zako nimezifunika," akasema. "Wewe usiwe na wasiwasi. Kesho utanishukuru."

Nikadhani amezifunika zisipigwe na jua. Nikamshukuru hapo hapo. Nikamwambia nimepata mume. Nikalala.

Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, lori la vyuma chakavu likasimama getini, na mwenyewe akateremka na minyororo yake begani. Saa nne kamili mlango wa nyuma ukafunguka. Mama alikuwa amevaa suti yake ya kazi, faili kwapani, kalamu nyekundu mkononi. Nikasimama. Mtu wa vyuma chakavu naye, aliyekuwa ameegemea friji, akasimama wima na kuvua kofia.

"Tuanze," akasema Mama.

Makopo yalikuwa pale pale ukutani, lakini kila ua lilikuwa limevalishwa mfuko wa plastiki, umefungwa chini kwa kamba. Ndani ya kila mfuko kulikuwa na kitu cha manjano. Mume wangu akajitokeza mbele kama mchezesha mazingaombwe.

"Mama, mke wangu, subirini muone," akasema, na akavuta mfuko wa kwanza.

Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto na ilinuka ndizi. Petali zote sita zikadondoka kwa pamoja. Likabaki shina limeinama, na ndizi mbivu imeegemea kando yake.

Akavuta wa pili. Wa tatu. Kila alipofungua, uso wake ulizidi kupoteza ile nuru. Petali zilizodondoka zilikuwa zimelegea kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Lakini akaendelea mpaka wa kumi na moja, kwa sababu ni mtu wa kumaliza kazi.

"Umefanya nini?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo, na hiyo ndiyo huwa mbaya zaidi.

"Nimezivumbika."

"Umevumbika maua?"

"Zilikuwa hazijaiva! Nimekuja jana mchana nikazikuta kijani tupu, na ukaguzi ni leo! Nikajua ni kosa langu." Akameza mate. "Wiki ile ya joto niliweka kreti la embe kwenye friji yako. Siku moja tu, mke wangu, siku moja! Karatasi ya marufuku nimeiona. Nikasema embe hazitajua. Sasa nilipoona maua yamegoma kuwa mekundu, nikasema pumzi ya embe ndiyo imeyadumaza, acha pumzi ya ndizi iyanusuru."

"Tulipu hizi ni za kijani!" nikapiga kelele mpaka mtu wa vyuma chakavu akarudi nyuma. "Zimezaliwa kijani! Zinakaa kijani! Ndiyo rangi yake!"

"Ua la kijani?" Bwana Mbivu alishika kichwa. "Sasa mtu anajuaje kwamba limeiva?"

Nilitafuta kitu cha kumrushia, nikapata ndizi. Nikamrushia. Akaidaka, maana kudaka ndizi ndiyo kazi yake, na hilo likanikasirisha zaidi. Kisha hasira ikaniishia mara moja, nikabaki natazama friji zangu tisa. Miaka kumi na miwili. Yule mtu alikuwa tayari anafungua mnyororo, taratibu, kwa heshima, kama mtu aliye kwenye nyumba ya msiba.

Mama alikuwa ameinama juu ya kopo la kwanza. Akaokota petali moja, akaigeuza, akautazama kwa muda mrefu ule mstari wa kijani uliolegea. Akaiweka ndani ya faili. Kisha akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Amekwenda kuandika ripoti," mume wangu akanong'ona.

Tulisikia ufunguo wa chumba chake. Alipotoka alikuwa ameacha faili, na mikononi amebeba kopo la rangi. Ndani ya kopo lilisimama ua moja la tulipu, la kijani, kingo nyeupe, zima kabisa. Juu ya udongo palikuwa na kipande cha barafu kinayeyuka.

Nilihesabu kwa kidole. Lilikuwa kopo langu la kumi na mbili.

"Unapokagua darasa," Mama akasema bila kututazama, "unachukua daftari moja kutoka katikati ya rundo, mwalimu akiwa hana habari. Ukisubiri lile analokupa yeye, utakuta limepambwa. Au limevumbikwa."

"Mama, kwa hiyo wewe ndiye uliyechukua barafu?" mume wangu akauliza. "Nimegombezwa wiki tano!"

"Ulistahili. Uliweka embe."

Akalitua kopo juu ya friji ya kioo, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama.

"Ofisini kwangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "nikiingia, makarani walikuwa wanasimama. Nikienda shuleni, watoto wanasimama, walimu wanasimama, mpaka mpishi anasimama na mwiko. Nikirudi nyumbani, mwanangu anasimama. Miaka thelathini na moja. Kitu kimoja tu hakikuwa kinashtuka nikifungua mlango, ni hayo maua ya kwenye kalenda. Mwezi ulipokwisha nikashindwa kuyageuza."

Mtu wa vyuma chakavu alikuwa anakunjakunja kofia yake.

"Wewe," Mama akamgeukia. "Chukua ile ya pembeni na ile iliyolala. Hazina kompresa wala mlango, hata mimi naona. Saba zinabaki." Kisha akanitazama. "Umeniahidi maua ya kijani. Nimeliona moja. Umefaulu, ingawa darasa lako limeungua."

Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa nimesimama wima mno. Niliishia kusema asante kama mwanafunzi. Mume wangu ndiye aliyelia, kwa sauti, amekumbatia kichane cha ndizi.

Nilimwambia Mama kwamba ua likikaa ndani ya baridi litadumu mara mbili zaidi. Basi tukaondoa gunia, tukaliweka kopo kwenye rafu ya kati ya friji ya kioo, nikawasha taa ya ndani. Mama alisoma ile karatasi ya MATUNDA MARUFUKU, akatoa kalamu nyekundu, akaongeza chini yake: NA MWANANGU.

Kuanzia hapo alikuja kila siku saa nne na kigoda chake, akakaa mbele ya kioo nusu saa, akaondoka. Kila alipoingia bandani nilisimama, bisibisi ikaanguka, nikaiokota. Ua lilidumu siku kumi na tisa. Siku ya ishirini petali zilikuwa chini kwenye udongo, nikazima taa, na nikawaza kwamba sasa basi, atarudi kwenye kalenda yake.

Kesho yake nilikuwa nimelala chali nyuma ya friji ya mteja, kichwa ndani, mikono miwili kwenye nyaya, nimeuma kipande cha utepe kwenye meno. Nikasikia kigoda kinatua.

"Ua limekwisha, Mama," nikasema kupitia utepe.

"Najua. Macho yangu mazima. Hiyo inaumwa nini?"

Nikamweleza. Gesi inavuja, tundu ni dogo kuliko ncha ya sindano, nalitafuta kwa povu la sabuni. Akauliza povu linaonyeshaje. Nikamweleza na hilo, nikaendelea kupaka sabuni, nikaendelea kuongea, na ilipita kama dakika kumi hivi ndipo akasema:

"Leo hukusimama."

Nikagutuka. Nilianza kujivuta nitoke, nikagonga kichwa kwenye kompresa.

"Samahani, Mama, sikuona ume—"

"Tulia hapo hapo," akasema, na nikasikia anasogeza kigoda karibu. "Nipe tochi nikumulikie."